Kutoka theluji ya Edmonton hadi ufukwe wa Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka theluji ya kwanza ikianguka, simu huanza kulia: watu wanataka kwenda likizo Unguja. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mifano mingi ni ya Edmonton, Kanada, kwa sababu ndiko wanakotoka wengi wanaoniuliza. Ukiwa Calgary, Winnipeg au Minneapolis, badilisha jina la uwanja wa ndege tu. Baridi ni ile ile na bahari iko mbali vile vile.

## Lini na wapi

Mwezi gani ni mzuri kwenda?

Usianze na kalenda ya likizo, anza na upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi mapema Machi: joto kali, anga safi, bahari ya uvuguvugu. Masika hushika katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei, na hoteli nyingi za ufukweni hufunga Aprili na Mei ili kukarabati. Kusi huingia Juni na kukaa hadi Septemba: hewa ya kupoa, usiku unataka shuka zito kidogo, na bahari ya mashariki huchafuka. Vuli huja Novemba, na mvua yake ni ya vipindi. Inanyesha saa moja, jua linatoka, watu wanarudi majini.

Anayekimbia baridi namwambia aende wiki ya pili ya Januari au baada yake. Krismasi na mwaka mpya ndiyo bei ya juu kuliko zote, kwa ndege na kwa vyumba, na baada ya hapo bei hushuka ghafla huku kaskazi ikiwa bado pale pale. Tatizo ni shule za watoto. Ongea na walimu mapema. Wengi huwapa kazi za kubeba. Kuhusu Februari, soma kwanza swali la Ramadhani hapo chini.

Nikae pwani ipi?

Kama unataka kuogelea saa yoyote, nenda kaskazini: Nungwi upande wa magharibi, au Kendwa. Huko maji hayakimbii mbali. Ubaya wake ni kelele, muziki na wachuuzi.

Mashariki (Matemwe, Kiwengwa, Paje, Jambiani) kuna mchanga mweupe mrefu, vijiji vilivyo hai na bei zenye huruma zaidi, lakini utaishi kwa ratiba ya maji. Paje ni ya vijana wanaoteleza juu ya maji kwa tiara, kipindi cha kusi na cha kaskazi pia, kwa hiyo mwenye watoto wadogo aende Jambiani.

Mji Mkongwe hauna ufukwe wa maana wa kuogelea. Lala huko usiku mmoja au miwili mwanzoni, usingizi ukiwa bado umevurugika. Kula pweza na urojo Forodhani, halafu ndiyo uende pwani.

Mbona picha za hoteli zinaonyesha maji hadi ngazini, na aliyekwenda anasema alikuta mchanga mtupu?

Wote wawili ni wakweli. Picha ilipigwa maji yakiwa yamejaa. Swali hili ndilo ningependa watu waulize kabla ya kulipa, kwa sababu linaharibu likizo nyingi kuliko mvua.

Bahari ya Unguja hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele karibu dakika hamsini. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika kama mita nne. Pwani ya mashariki ni tambarare hadi kwenye mwamba, kwa hiyo mita nne hizo za kimo zinakuwa mamia ya mita za kutembea. Saa nne asubuhi ya bamvua pale Jambiani, ngalawa zimelala ubavu mchangani, na kina mama wameinama kwenye mistari ya vigingi wakifunga mwani kwenye kamba, maji yakiwa hayawafiki magotini. Saa kumi jioni, pale pale walipokuwa, mtoto hafiki chini.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo, na maji huwa yamejaa karibu saa nne au saa tano asubuhi, wakati familia nyingi zinapotaka kuingia. Kwa hiyo ukienda mashariki kwa siku chache tu, angalia mwezi utakuwaje wiki hiyo, kisha uangalie jedwali la maji la Zanzibar. Ukikaa wiki mbili utapata yote mawili, na maji yakipwa ndipo unapotembea hadi mwambani kuona viumbe. Vaa viatu vya majini, maana wale wa miiba mirefu myeusi hawana msamaha. Uwe na mtu wa kijiji, na maji yakianza kurudi nawe rudi. Yanajaa kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako.

Siku ngapi zinatosha?

Safari yenyewe inakula karibu siku mbili kila upande. Saa za Edmonton ziko nyuma ya Unguja kwa saa kumi wakati wa baridi (tisa wakati wa kiangazi), na mwili huchukua siku kadhaa kuzoea. Kwenda kwa usiku saba ni kulipa nauli kubwa ili usinzie kwenye kiti cha ufukweni. Kumi na mbili ni chini kabisa kwa maoni yangu. Kama bosi hatoi zaidi ya wiki moja, nenda Meksiko mwaka huu na uweke akiba ya mwakani.

Nichukue hoteli ya kila kitu ndani?

Kwa familia yenye watoto watatu wanaokula kila baada ya saa moja, ndiyo. Kwa wawili, hapana: chukua kifungua kinywa na chakula cha jioni, mchana ukale kijijini wali wa nazi na samaki wa kupaka. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: je, vinywaji vimo, na je, ada ya serikali ya kila usiku kwa kila mgeni imo kwenye bei au inadaiwa mapokezi? Mara nyingi inadaiwa mapokezi.

## Ndege, boti na mizigo

Ndege zipi zinafika Unguja?

Hakuna ya moja kwa moja kutoka Amerika Kaskazini. Njia zinazotumika sana ni Ethiopian kupitia Addis Ababa (ukiipanda Toronto au Chicago), KLM kupitia Amsterdam, Turkish kupitia Istanbul na Qatar kupitia Doha. Kenya Airways huruka New York hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Unguja ni mwendo mfupi. Uwanja wa Unguja ni wa Abeid Amani Karume, na kutoka hapo hadi Nungwi kwa gari ni kama saa moja na nusu, Paje kama saa moja.

Mimi hutazama zaidi mapumziko ya katikati kuliko bei. Dhoruba ya theluji ikichelewesha ndege ya kwanza, dakika sabini za kubadilisha ndege hazikuokoi. Tafuta saa tatu au nne.

Naona tiketi mbili tofauti ni nafuu kuliko moja. Nichukue?

Januari, hapana. Ukiwa na tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa shirika linalazimika kukutafutia nyingine. Ukiwa na mbili, ile ya pili inaondoka na wewe ndiye uliyekosa. Ulichookoa kitaishia kwenye tiketi mpya.

Nikitua Dar es Salaam nikavuka kwa boti?

Inafaa kama una ndugu Dar au umepata nauli nzuri. Boti za mwendo kasi za Azam huchukua kama saa mbili. Usipange kutua na kupanda boti siku hiyo hiyo kama umetua jioni; lala Dar. Kipindi cha kusi mawimbi ya mkondo huwatapisha hata wazoefu, hivyo mwenye tumbo jepesi akae nyuma, sehemu ya chini.

Mizigo ya zawadi je?

Mashirika makubwa mengi yanaruhusu mabegi mawili ya kilo 23, lakini soma tiketi yako, kwani nauli nafuu siku hizi zina moja au hazina kabisa. Mtego uko kwenye vindege vya ndani, vya kwenda Pemba, Mafia au mbugani: kilo 15, begi laini, na mizani ipo. Masanduku magumu yaache Dar kwa ndugu.

Makoti ya baridi tunayaweka wapi?

Swali la kweli, msicheke. Kama mnasindikizwa, vueni makoti garini na aliyewasindikiza aende nayo. Siku ya kuwapokea ayalete. Kama mnaegesha wenyewe, yaacheni garini na mkimbie hadi mlangoni na sweta. Ila kila mtu abaki na sweta na soksi kwenye begi la mkononi: ndani ya ndege kuna baridi, na mkikwama Amsterdam usiku, malapa hayatawasaidia.

## Nyaraka na afya

Nahitaji viza?

Inategemea pasipoti, siyo ulikozaliwa. Pasipoti ya Tanzania haihitaji, na Wakenya, Waganda, Wanyarwanda na Warundi wanaingia bila viza. Mwenye pasipoti ya Kanada analipa dola 50 za Marekani. Ya Marekani dola 100. Omba mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya Tanzania wiki kadhaa kabla. Tovuti bandia zinazofanana nayo zipo na zinatoza zaidi, kwa hiyo tazama anwani iishie na go.tz.

Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima. Uliyechukua uraia wa Kanada, ingia kwa pasipoti ya Kanada. Ile ya zamani usiitoe mfukoni kaunta.

Bima ya dola 44 ni nini? Mimi nina bima ya kazini.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar analazimika kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar: dola 44 kwa mtu mzima, inadumu siku 92. Bima yako nyingine haikuondolei wajibu huu. Inunue mtandaoni kabla ya kuruka. Raia wa Tanzania hawahusiki.

Bima ya kazini au ya kadi ya benki bado ina kazi, hasa kwa safari kuahirishwa na kwa matibabu makubwa. Beba nakala.

Chanjo ya homa ya manjano inatakiwa?

Ukitoka Kanada au Marekani kupitia Ulaya au Doha, haidaiwi. Inadaiwa kwa anayetoka nchi yenye maambukizi, au aliyepumzika humo kwenye uwanja wa ndege kwa zaidi ya saa 12. Ethiopia na Kenya zimo, kwa hiyo mapumziko marefu ya Addis au Nairobi yanakuhusu. Ukipanga kupita kwanza Goma au Kampala, chanja.

Na malaria? Mimi nimekulia huko.

Umekulia huko, lakini kinga ya utotoni hupotea ukikaa miaka mingi bila kuumwa na mbu wenye vimelea. Watoto waliozaliwa Edmonton hawana kabisa. Unguja malaria imeshuka sana, ila haijaisha, na bara ipo. Muone daktari wa wasafiri wiki sita kabla. Ukirudi ukapata homa, hata baada ya miezi, mwambie daktari ulikokuwa. Madaktari wa huku hufikiria mafua kwanza.

Mimi ni mkaazi wa kudumu wa Kanada, si raia. Kuna nini cha kuangalia?

Mawili. Kwanza, kadi yako ya ukaazi iwe hai hadi siku ya kurudi. Ikiisha au ikipotea ukiwa nje, shirika la ndege halitakupandisha hadi upate hati maalumu ya kurudi, na hiyo huombwa ukiwa huko huko nje. Pili, njia. Mwenye pasipoti ya Kongo, Kenya au Tanzania akibadilisha ndege Chicago au New York anahitaji viza ya Marekani hata kama hatoki nje ya uwanja, na kadi ya Kanada haimsaidii. Pitia Toronto, uepuke hayo yote.

Nasafiri na watoto peke yangu. Mwenzangu anabaki kazini.

Beba barua ya ridhaa ya mzazi mwingine, iliyotiwa saini mbele ya wakili au mthibitishaji, pamoja na nakala ya vyeti vya kuzaliwa. Wakati mwingine hakuna anayeiuliza. Siku ikiulizwa huna pa kuipata.

## Nyumba unayoiacha

Nizime hita ili kuokoa pesa?

Usithubutu. Nje ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, mabomba ya nyumba isiyo na joto huganda, hupasuka, na barafu ikiyeyuka unarudi kwenye bwawa sebuleni. Shusha joto hadi nyuzi 15 hivi, funga koki kuu ya maji, kisha fungua bomba la chini maji yaliyobaki yatoke. Wapangaji wa ghorofa waulize msimamizi kwanza.

Halafu soma mkataba wa bima ya nyumba. Bima nyingi za Kanada hazilipi uharibifu wa mabomba kuganda kama hukuwapo zaidi ya siku kadhaa na hukumweka mtu wa kukagua nyumba. Mwachie jirani au ndugu wa kanisani au msikitini ufunguo, na mwombe apite, awashe taa na aandike tarehe.

Na gari?

Betri hufa kwenye maegesho ya wazi. Ukiweza, egesha palipo na umeme wa kupashia injini moto, au liache nyumbani.

## Ukiwa kisiwani

Pesa nibebe vipi?

Dola mpya zisizo na mikunjo wala wino. Noti za zamani hukataliwa kila mahali. Badilisha kiasi kidogo uwanjani na zaidi mjini. Mashine za benki zipo Mji Mkongwe, ila pwani ni chache na huishiwa pesa wikiendi. Kadi hutumika hoteli kubwa, mara nyingi kwa nyongeza. Kwa daladala, dafu na bodaboda, shilingi ndogo ndogo.

Naongea Kiswahili. Si nitalipa bei ya mwenyeji?

Sokoni na kwa dereva teksi, Kiswahili kitakushushia bei, hasa ukianza na salamu ndefu. Kwenye boti, hifadhi na hoteli, wanatazama pasipoti. Kubishana dirishani kwamba bibi yako ni wa Makunduchi hakubadilishi kitu, na foleni nyuma yako inasubiri. Papasi wa Mji Mkongwe, yaani vijana wanaowaandama wageni barabarani, hawajali lugha: waambie kwa upole kwamba mwenyeji wako yuko njiani, na usisimame.

Dereva atakuja saa nane au saa mbili?

Ukiagiza gari kwa Kiswahili, saa nane mchana ni saa nane za kwetu. Karatasi ya hoteli kwa Kiingereza itaandika 14:00. Vijana waliokulia Kanada huchanganya hapa na kukosa boti. Andikeni ujumbe wa simu kwa namba, pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku.

Tuvae nini?

Ufukweni mwa hoteli, mnavyotaka. Ukitoka geti la hoteli tu, kijijini au mjini, funika mabega na magoti, wanaume nao wavae fulana. Kanga mbili kwenye begi zinamaliza suala hili.

Ramadhani ikiangukia likizo yetu?

Miaka hii inaangukia kipindi cha kaskazi: mwaka 2026 ilitarajiwa katikati ya Februari, na kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja. Hoteli za kitalii zinaendelea kupika mchana. Vijijini na mjini migahawa mingi hufungwa hadi magharibi, na kula au kunywa barabarani ni utovu wa adabu, hata kwa mtoto mkubwa. Muziki hupungua. Mimi naipenda: baada ya futari Mji Mkongwe unaamka upya, na ukialikwa utakula mihogo ya nazi na tambi hadi ukome. Aliyekuja kwa ajili ya disko abadilishe tarehe.

Vifaa vyetu vya umeme vitafanya kazi?

Chaja za simu na kompyuta, ndiyo, kwa plagi ya Kiingereza ya pini tatu za mraba. Angalia maandishi madogo: yakisema 100–240V uko salama. Pasi na kikausha nywele cha Kanada ni cha volti 120, na umeme wa Unguja ni 230. Kitatoa moshi kabla hujamaliza upande mmoja wa kichwa.

Sisi ni weusi, mafuta ya jua ya nini?

Ngozi iliyofichwa chini ya sweta tangu Oktoba inaungua, tena saa sita mchana karibu na ikweta. Watoto wavae fulana za kuogelea.

## Yasiyo ya kawaida

Ndugu wa Mwanza watasema nini wakisikia tumefika Zanzibar hatujafika nyumbani?

Watasema mengi. Ushauri wangu ni kuanza nyumbani, kumaliza ufukweni. Ukianza ufukweni, kila siku utakuwa kwenye simu ukieleza lini unakuja, na pesa ya kugawa itakuwa imeishia hotelini. Siku nne au tano za ndugu, tena mtangaze tarehe ya kuondoka tangu mwanzo. Kama nauli ya kwenda bara haipo kabisa, mwalike mama avuke. Chumba cha ziada Jambiani ni nafuu kuliko tiketi nne za ndege, na mama naye hajaonja likizo.

Nina hati ya kusafiria ya mkimbizi. Naweza kwenda?

Wengi wanaouliza walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na wanataka kuiona tena Tanzania wakiwa huru. Inawezekana, lakini usihesabu misamaha ya viza ya pasipoti ya nchi uliyotoka. Hati hii si pasipoti hiyo. Omba viza mapema, wasiliana na ubalozi, ulizia pia viza za viwanja vya kubadilishia ndege, na usinunue tiketi isiyorudishwa kabla ya jibu. Usitumie hati hiyo kuingia nchi uliyoikimbia. Hilo linaweza kugusa hadhi yako nzima.

Ni fungate yetu na hatutaki umati.

Fikirieni Pemba au Mafia. Mafia, kati ya Oktoba na Februari hivi, mnaweza kuogelea karibu na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, asiye na shida na mtu. Hoteli ni chache, kwa hiyo shikeni chumba mapema na mkumbuke zile kilo 15.

Nikizamia kisiwani Mnemba kwa mitungi, naweza kuruka kesho yake asubuhi?

Acha angalau saa 18, na ukiweza siku nzima, kati ya kuzamia mara ya mwisho na ndege. Panga kuzamia mwanzoni mwa wiki, safari ya msitu wa Jozani kuwaona kima punju uiweke mwishoni.

Tunaweza kurudi na nini?

Viungo vikavu vilivyofungwa dukani, kahawa, vitenge: sawa, ila vyakula vyote viandikwe kwenye fomu ya forodha. Nyama iache. Kombe, matumbawe na chochote cha gamba la kasa usibebe hata kama kinauzwa waziwazi; kinaweza kukamatwa Unguja au Toronto. Na mifuko ya plastiki usiingie nayo, kwani imepigwa marufuku Zanzibar na bara.